Leso ya Dorcas

Dorcas ni wifi yangu, dada wa mume wangu Masele, na ndiye aliyenifundisha kumeza vidonge vya sonona. Nilipojifungua Precious nikawa nalia kutwa, naogopa hata kumuogesha mtoto, ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka kliniki. "Mimi mwenyewe navimeza, wifi," alininong'oneza pale kwenye benchi, akanipa chupa yake ya maji nimezee cha kwanza. Siku ile nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Vidonge vilinirudisha kwa watu. Nikafungua tena genge langu la nyanya hapa Ilemela, Precious mgongoni, na wateja wakaanza kunitania upya.

Halafu Dorcas akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Amepona, alisema, na vidonge vyake anakwenda kuvitupa ziwani. Watu walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Mchana huo huo akanijia nyumbani. "Twende wote, wifi. Au unamwamini daktari kuliko Mungu?"

Tukashuka hadi kwenye mawe, akina mama wa maombi wakiimba nyuma yetu. Nilifungua mfuko wangu nikavimwaga vyote, nikaviona vikizama, vyeupe. Dorcas alitupa vyake vikiwa vimefungwa kwenye leso, kwa mkono wa nguvu. Nikamwona jasiri kweli kweli.

Mwezi haukuisha, hofu ikarudi. Sikuweza kutoka kitandani. Nyanya zikaozea gengeni. Dorcas akaja na wenzake, akaniwekea mikono, akatangaza kwamba imani yangu ni haba. Ni yeye pia aliyeshauri Precious apelekwe kwa bibi yake, kule Magu, mpaka nipone. Sikubisha. Mwenye imani haba atabisha na nani?

Masele si mtu wa maneno mengi. "Unataka mtoto wako arudi?" aliniuliza asubuhi moja. "Basi urudie dawa." Kwa kuwa niliona aibu kurudi kliniki ya mwanzo, alinielekeza nyingine, mbali, kule Usagara, ambako hakuna anayetujua.

Daktari aliniandikia upya, akanionya nisiache tena bila kumwambia. Nikakaa kusubiri kwenye dirisha la dawa. Yule wa dirishani akaita, "Dorcas Shimba."

Mwanamke aliyejitanda khanga hadi machoni akainuka kwenye benchi la mbele. Mwendo ule naujua. Alipokea mfuko wake, akageuka, tukatazamana.

"Wifi, tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Jumapili wananisimika kuwa kiongozi wa akina mama."

Mtoto wangu alikuwa Magu, anajifunza kumwita mtu mwingine mama, na huyu ananieleza habari za kusimikwa.

"Mle kwenye leso mlikuwa na nini?"

Alitazama sakafu. "Mahindi."

Angesema alivitupa kweli, kisha akazidiwa akarudia, ningemsamehe, maana hata mimi yamenikuta. Lakini alikaa jikoni kwake, akachota punje za mahindi, akafunga fundo, ndipo akaja kunichukua. Aliniangalia nikivimwaga vyangu, na akaimba.

Wakaita jina langu. Nilipokea vidonge, nikatoa kimoja pale pale. Dorcas akaninyooshea chupa yake ya maji, kama siku ile ya kwanza.

Nilikimeza kikavu.