Askari wa Ghala la Tende

Hebu niambie, umewahi kumwona askari anayelinda mlango asiothubutu kuuvuka? Basi huyo alikuwa Gerishom, kijana wa Vihiga, pale Al Baraha, Dubai, miaka ile kabla treni haijaanza kupita juu.

Nyumba ilikuwa ya tajiri wa zamani. Ghala lake la tende lilikaa gofu mpaka mjukuu wake, Madam Khairiya, alipolifufua. Kuta zikapakwa chokaa upya, boriti zikarudishwa darini, na ile mifereji ya sakafuni, iliyokuwa ikichuruzika asali ya tende kutoka kwenye magunia yaliyolaliana, ikafunikwa vioo watu waione. Likawa mkahawa. Ndani baridi ya mashine; nje jua la Julai, hata paka anatembea akiinua miguu juu juu.

Na Gerishom kasimama nje.

Jecinta, aliyekuwa akimimina kahawa humo ndani, alichungulia. "Soja, ingia upoe! Utayeyuka tukuzoe na kijiko."

"Niko sawa."

"Sawa gani, na shati limelowa mpaka tai?"

Gerishom aliinyoosha tai yake. Alimpenda msichana yule mpaka usingizi ukamhama, ila ulimi wake mzito kama jiwe la kusagia.

"Khalas," Jecinta akasema. "Kila siku nakuita, kila siku unanikataa. Nimeomba nihamie tawi la Al Nahda. Labda askari wa huko hawanidharau."

Moyo wa Gerishom ukaanguka viatuni. Madam Khairiya naye akatoka, upepeo mkononi.

"Una nini weye na ghala langu? Umeona jini?"

"Hapana, madam. Kwetu ghala ni la mama mwenye nyumba. Mwanaume hatii mguu, hata kama ndiye aliyelijenga. Akichungulia tu, wakwe wanaitwa kikao."

"Lakini huu mkahawa!"

"Si kuna tende ndani, madam?"

Madam alicheka mpaka akaegemea ukuta, chokaa ikamganda begani. "Bibi yangu wa Unguja angekupenda! Funguo alizifunga kwenye pindo la kanga. Babu akitaka tende, anabisha hodi kama mgeni."

Jecinta hakucheka. "Kwa hiyo si mimi unayenikimbia?"

"Si wewe."

"Na wewe huko kwenu una ghala? Mwenyewe nani?"

Gerishom akavua kofia, jasho likamwagika.

"Nililijenga nilipoenda likizo. Lina miguu minne na paa la nyasi. Mama ananicheka, kuku ndio wanalala humo." Akamgeukia. "Jecinta, nataka liwe lako."