Sahihi ya Mia Moja

Shule ilikuwa na wasichana wa aina mbili: Warefu na Wafupi. Mgeni aliyedhani atawatambua kwa macho, imekula kwake. Msichana mdogo kuliko wote, ambaye akiketi nyuma ya dawati huonekana nywele tu, alikuwa Mrefu, tena Mrefu wa kizazi cha tatu. Walimwita Kiroboto, kwa kimo chake na kwa sababu hakuna aliyewahi kustarehe karibu naye. Ndiye aliyemvisha mbuzi wa jirani sare ya shule na kumpeleka gwaridani. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, binti aliyeinama kila alipopita mlangoni, alikuwa Mfupi. Huyo walimwita Ngazi.

Urefu pale ulirithiwa kwa daftari, si kwa mifupa. Mama yako akiwa Mfupi, nawe Mfupi, hata kichwa chako kikigusa dari. Na ambaye mama yake hakusoma hapo, Matroni alitazama kitanda kipi ki kitupu, na papo hapo asili ya mtoto ikajulikana.

Warefu walilala jengo la mawe na walikula kwanza. Wafupi walilala bweni la mabati na kuoga maji yakibaki. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nani huuliza kwa nini Jumatatu hufuata Jumapili?

Kisha Jumanne moja jengo la mawe zima likaamka matumbo yamechafuka. Foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya chakula. Kabla ya saa nne mkosaji alikuwa amepatikana: Ngazi alionekana jana yake ameinama juu ya tangi la maji la jengo hilo. Na kweli alikuwa huko. Matroni alimtuma arudishe mfuniko uliopeperushwa na upepo, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeufikia bila kupanda kitu.

"Matroni, si ulimtuma wewe?" Kiroboto aliuliza mbele ya watu.

Matroni alitazama nyuso za Warefu, akatazama viatu vyake. "Kazi ni nyingi, mwanangu. Sikumbuki vizuri."

Sasa, mgeni wa ng'ambo aliyeanzisha shule hiyo aliacha vitu vitatu: kengele, picha yake akiwa na kofia ngumu, na sheria kwamba mwanafunzi akishtakiwa kwa sahihi mia moja, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Mgeni alikwisha kufa. Sheria ilikuwa na afya njema.

Kipindi cha historia asubuhi ile, mwalimu alirudisha majaribio. Swali: Taja sababu tano za mauaji ya kimbari. Dada Mkuu alipata kumi juu ya kumi, akaombwa asome majibu yake.

"Moja, wakoloni kuwagawa watu waliokuwa wakiishi pamoja. Mbili, kuwaandika kwenye vitambulisho. Tatu, uvumi. Nne, viongozi wachochezi. Tano, watu kufuata mkumbo."

Walimpigia makofi. Dada Mkuu akashukuru, akageuza daftari lile lile, akachana karatasi ya katikati, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Sisi tuliosaini hapa chini.

Kiroboto alihisi damu inampanda. Lakini alikuwa na silaha. Adhabu ya mbuzi ilikuwa kupangusa stoo, na huko, chini ya magodoro yaliyoliwa na panya, alikuwa ameokota kitabu cha kumbukumbu cha yule mgeni, cha mwaka wa kwanza wa shule. Saa ya chakula cha mchana alipanda juu ya benchi akasoma kwa sauti:

"'Seremala ameleta vitanda themanini virefu na sabini vifupi, akidai mbao zimemwishia. Nimewapanga wasichana kwa kadiri ya vitanda. Waliokosa kirefu nimewaandika Wafupi. Naona ni utaratibu mzuri. Hawagombani tena nami, wanagombana wao kwa wao.'"

Akafunga kitabu. "Mmesikia? Mbao ziliisha! Tunachukiana miaka yote hii kwa sababu ya seremala!"

Kicheko kikalipuka, mabakuli yakagongwa.

"Shuka, wewe! Wiki iliyopita ulitusomea barua ya wizara kwamba mitihani imefutwa!"

"Mimi nilichoma madaftari yangu!" mwingine akapiga kelele. "Ya hesabu yote!"

"Hii ni ya kweli, jamani. Tazameni wino wenyewe."

"Hata ile ilikuwa na mhuri."

Dada Mkuu hakucheka. "Tuseme ni kweli. Bibi yangu alipewa kitanda kirefu, bibi yake Ngazi akapewa kifupi. Unadhani ni bahati mbaya?"

"Ndiyo! Ndivyo ilivyoandikwa!"

"Kaa chini, mdogo wangu. Una aibu ya bure."

Karatasi ikazunguka. Kiroboto akaifuata meza kwa meza kama mdai.

"Unaamini Ngazi aliweka kitu majini?" alimuuliza wa kwanza.

"Siamini."

"Mbona unasaini?"

"Nisiposaini watasema nilimsaidia. Na wewe usipaze sauti."

Hata Wafupi ishirini na kitu walisaini, kuonyesha kwamba wao si Wafupi wa namna hiyo. Ngazi aliketi pembeni na sahani yake, mabega ameyakunja, kana kwamba akipungua kidogo watamsahau.

Mwishowe karatasi ikatua mbele ya Kiroboto. Dada Mkuu akamshikisha kalamu mwenyewe. Ukumbi mzima ukamkodolea macho. Hapo Kiroboto, bingwa wa hila, akapata hila: akaandika kwa madaha, Bi Kuku wa Jogoo. Mwalimu Mkuu ataliona jina hilo, alijiambia, atajua karatasi nzima ni upuuzi, ataichana. Aliona amecheza vizuri. Pia aliona macho yote yamemwacha, na raha aliyoipata ilimchukiza.

Ofisini, Mwalimu Mkuu hakusoma. Alihesabu. Ncha ya penseli ilishuka mstari kwa mstari. "Tisini na nane, tisini na tisa, mia. Imetimia."

"Soma ya mwisho, Mwalimu!" Kiroboto aliingia bila kubisha hodi. "Hakuna mtu wa jina hilo. Ni mimi, nilifanya mzaha. Naifuta!"

"Sheria inataka sahihi mia moja. Haisemi za nani."

"Lakini si mtu! Ni kuku!"

"Basi mbona hukuwaambia wenzako hapana?"

Kiroboto akainama mezani amwonyeshe lile jina, na ndipo alipoyaona mengine. Bi Sufuria. Mjomba Kandambili. Shangazi Ufagio. Mfalme Panya wa Stoo. Alihesabu kumi na moja, kila moja kwa mwandiko tofauti. Kumi na mmoja wajanja, kila mmoja peke yake, kila mmoja akingoja karatasi ichekwe. Alitamani kuuma meza.

Alimsaidia Ngazi kubeba sanduku hadi langoni.

"Bi Kuku ni wewe," Ngazi alisema. "Ile 'k' yako ina mkia."

"Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani. Shika vizuri, sanduku linalala upande wako."

Lango likafungwa.

Jumatatu iliyofuata jengo la mawe likachafukwa na matumbo upya. Upepo ulikuwa umeupeperusha tena mfuniko, ndege mfu anaelea tangini, na hapakuwa na wa kumfikia. Dada Mkuu alishafungua daftari ukurasa mpya, akiwatazama Wafupi waliobaki.

Kiroboto akatoka na meza ya darasani, akaiburura uwanjani mchana kweupe ikilia kwa mawe. Juu ya meza akaweka benchi, juu ya benchi kigoda. Akapanda, akamtoa ndege yule kwa mkia, akamwinua wote wamwone. Chini walikuwa wamejaa, Warefu na Wafupi, wakimtazama mtu juu ya tangi.

"Haya, mmeniona," alisema. "Andikeni. Ila safari hii kila mtu jina lake. Hata wewe, Shangazi Ufagio."

Katikati ya umati, msichana mmoja akainamisha kichwa. Kisha mwingine. Dada Mkuu alishika kalamu, akangoja wa kwanza ajitokeze.