Ya Kukimbia Nayo

…ikojoe, amesema ikojoe, mbele ya mwenye duka na mbele ya mume wake, tungoje ikojoe kwanza, kana kwamba kilichokuwa juu ya meza ni mtamba wa soko na si kompyuta, na Viateur mwenye duka anacheka mpaka anashika meza, acheke tu, meno ni yake, Uwimbabazi hatayameza maneno yake, waya ameshauchomoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe na hautarudi pale mpaka ajue kama mashini hii nyeusi inaishi kwa nguvu zake au kwa nguvu za sola ya dukani, maana ndivyo wauzaji walivyo, wa ng'ombe na wa mashini, baba yake, mzee Bisengimana, alimfundisha akiwa msichana mdogo sokoni kwamba muuzaji humlambisha ng'ombe chumvi tangu asubuhi, ng'ombe anashikwa na kiu, anakunywa maji mpaka tumbo linakuwa duara, wewe unamwona amenona kumbe umeonyeshwa maji, basi usiangalie tumbo, mwanangu, msogeze pembeni, piga hadithi, ngoja akojoe, halafu ndipo uulize bei… na mashini za huyu Viateur zote zimeshinda zikinyonya umeme, kila moja na waya wake ukutani kama ndama kwenye chuchu, kila moja inaonyesha batri imejaa, nani asiyejaa akiwa kwenye chuchu. Anafunua kifuniko cha ile nyeusi mpaka mwisho, kinakwenda kigumu, kinasimama pale anapokiacha, hakitikisiki, vizuri, anapitisha kidole kwenye vitufe kimoja kimoja, kama baba alivyokuwa akitia kidole kinywani mwa mtamba kuhesabu meno, hakuna pengo, herufi ya e imefutika kidogo, haidhuru, aliyeimaliza e aliandika sana na mashini haikumshinda, anaigeuza tumbo juu, na hapo moyo wake unatulia kidogo, skrubu zinaonekana, zote, na batri ina kifungo chake, unakibonyeza inatoka mkononi mwako bila kumwomba mtu.

Lakini Gentil anaongea, mume wake anaongea pembeni kwa ile sauti yake ya chini, anamuuliza Viateur kuhusu ile nyingine ya kijivu, nyembamba, inayong'aa, ameishika kwa vidole viwili na kuipandisha na kuishusha hewani, na Uwimbabazi anajua swali linalokuja kabla halijafika, analijua kama anavyojua njia ya kisimani. "Hii haina uzito," Gentil anasema. "Mama Gisubizo, angalia. Hii njo ya kukimbia nayo." Na Viateur, aliyekuwa anacheka mkojo wa mashini, hili halimchekeshi hata kidogo, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. "Njo ile watu wote wanaulizaka," anasema, na kwa kweli ndivyo, hapa Mushaki huwezi kununua kitu bila kukiuliza swali hilo, godoro ni la kukimbia nalo, sufuria ni ya kukimbia nayo, hata viatu vya Gisubizo, mtoto wao wa darasa la kwanza, walivichagua kwa swali hilo, havina urembo, vina kamba, na Uwimbabazi mwenyewe alivifunga zile kamba mara mbili mbili akijiona mama mwenye akili… akili gani, Mungu wangu, akili ya kumvalisha mtoto kila asubuhi kama anayeondoka.

Na yeye si mjinga, Gentil, asimdhulumu, yeye ndiye aliyebeba siku ya vita, mtoto shingoni, godoro kichwani, kutoka kwao Burungu mpaka Sake na kutoka Sake mpaka kambi ya wakimbizi, mabega yake yana haki ya kuuliza uzito, na fedha iliyopo mfukoni ni ya mtamba wake wa mwisho, wale wengine wote waliliwa na watu ambao hata hawakuuliza wa nani, huyu mmoja alibaki kwa shemeji huku juu, na Gentil alimshika kamba mwenyewe akampeleka sokoni kwa sababu mke wake alisema mashini itatoa maziwa, itachapa mitihani ya shule ya Burungu, barua za watu, vyeti vya watu waliopoteza vyeti, na nani Burungu hajapoteza vyeti, kibanda kimoja, sola moja, tutakula. Alimwamini. Hakumwangalia yule mtamba akiondoka, aliangalia mlima. Basi mashini hii ni ya mwisho, baada yake hakuna mtamba mwingine wa kuuza, ikifa wamekwisha, watabaki kulima mashamba ya watu, hilo wote wawili wanalijua, ndiyo maana Uwimbabazi anataka ya miaka, miaka mingi, na ndiyo maana Gentil anataka nyepesi, kila mmoja anaogopa kwa njia yake… Viateur anasema kitu, kwamba ile ya kijivu ni ya juzi juzi, kwamba wanafunzi wa Goma wanaipenda, na ina taa chini ya vitufe, taa, Uwimbabazi anataka kucheka, taa.

Kwa sababu mashini ya kukimbia nayo alikuwa nayo. Nyeupe, nyembamba, aliinunua Goma akiitazama tumbo na ngozi, binti wa Bisengimana mzima, akasahau yote aliyofundishwa, na siku milio ya bunduki ilipoanza aliifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, wanawake njiani walimuuliza mtoto ana miezi mingapi, akawajibu, akawajibu kabisa, na mvua ya kupanda Kilolirwe haikuigusa, na vizuizini hakuna aliyeifunua kwa sababu nani anafunua mtoto, aliivusha, vita yote ile aliivusha, halafu kambini, siku ya jua tulivu, bila bunduki, bila kitu, ikazimika. Fundi akaigeuza, akatafuta skrubu, hamna, akaipasua kwa kisu, batri imevimba ndani kama mguu wa mgonjwa na imegandishwa kwa gundi, akasema mama, hii waliitengeneza ikufe. Vita haikuiua. Ilitengenezwa ife, na yeye akaibeba mgongoni maiti yake, na hasira ile mpaka leo haijamtoka, haimtoki, aliwasamehe watu walioipora nyumba kabla hajaisamehe gundi ile.

Na cherehani ya mama je, mbona Gentil haisemi cherehani, aliiona kwa macho yake, cherehani ya chuma ya Nyirakamana, mama aliyemzaa Uwimbabazi, ile yenye miguu, ambayo siku ya kukimbia walisimama mbele yake wote watatu na mama akalia kwa sababu haibebeki, wakaiacha, na mwezi uliopita walipokwenda Burungu kuangalia, mabati hakuna, milango hakuna, sufuria hakuna, hata ungo wa maharagwe hakuna, na cherehani imesimama pale pale, imenyeshewa, ina kutu kwenye gurudumu, hakuna aliyeiweza, wakaitia mafuta, ikazunguka, mama akaweka mkono juu yake. Kilicho chepesi kwako wewe unayekimbia ni chepesi pia kwa yule anayekuja nyuma yako. Hapana, asijidanganye, hii nyeusi si chuma cha mama, mwizi ataibeba kwa mkono mmoja na sigara kwenye mkono mwingine, si uzito wake utakaoilinda, anajua, basi ni nini, anataka nini kwa uzito huu… anataka nini…

Lori linapita barabarani, kubwa, kama yale ya askari, linashuka kuelekea Mubambiro, na dukani kila mtu anaangalia kitu chochote kilicho mbele yake, Viateur kalamu yake, Gentil ile ya kijivu, Uwimbabazi kile kioo cha mashini nyeusi kinachowaka bila waya, bado kinawaka, mpaka mngurumo unapotea kwenye kona, wanaendelea. Anauliza kwa sababu lazima mtu aulize kitu. "Kaka Viateur, sema kweli. Itakaa?" Na Viateur anafungua kinywa kuapa, lakini si yeye anayejibu, ni Gentil, anajibu bila kuinua macho, taratibu, hana ubaya, amechoka tu. "Na sisi tutakaa?"

Na hilo ndilo, hilo ndilo limekuwa mezani tangu waingie, wala si kijivu na nyeusi, neno moja tu, kukaa, kwa mashini ni kudumu na kwa mtu ni kuwa na mlango wako, na yeye Gentil tangu warudi kutoka kambini hajawahi kulitamka, anapanda maharagwe, maharagwe tu, kinachoiva haraka, mama alimpa mche wa parachichi akauacha kwenye kopo ukakauka, nani atakula, alisema, nyumba ya Burungu anataka kuiezeka kwa hema la plastiki, lile lile la kambini, linakunjika, na Uwimbabazi amekuwa akimwambia ndiyo, ndiyo baba Gisubizo, ndiyo, na kukunja, na kufunga kamba za viatu mara mbili mbili, wameshakimbia hata wakiwa wameketi, wanakula wakikimbia, wanalala wakikimbia, na wale waliowafukuza hawana haja ya kurudi, kazi yao inafanyika bila wao. Basi, hapana. Watakuja kama watakuja, atakimbia kama itabidi akimbie, ana miguu, lakini hatawasaidia kabla hawajafika, hatanunua kitu kwa ajili yao, hatakuwa mpagazi wa kukimbia kwake mwenyewe. Na mche mwingine ataupanda, mbele ya mlango, yeye, kwa jembe lake, Gentil apende asipende, na kivulini mwake wataweka meza, na mashini juu ya meza, na batri ikichoka atabonyeza kifungo na kuweka nyingine, na skrubu zikilegea atazikaza, na hata hii ikizimika sasa hivi mbele ya macho yao haitabadilisha kitu, kwa sababu hakuja kuiuliza mashini kama itakaa, mashini haijui, alikuja kulijibu swali hilo yeye mwenyewe.

"Ya kukimbia nayo nilikuwaka nayo," anasema, na anashangaa sauti yake ilivyo tulivu. "Sasa niko natafuta ya kukaa nayo."

Viateur anaangalia mume, kama wanaume wafanyavyo, akingoja mume aseme. Gentil haachi ile ya kijivu, anaishika mkono mmoja, na mkono wa pili, wa bega lililoharibika kwa kubeba, anaupitisha chini ya ile nyeusi, anaiinua kidogo kutoka mezani, anaipima, uso wake mgumu, hausomeki.

"Iko nzito, Mama Gisubizo."

"Iko nzito," Uwimbabazi anasema. "Njo vile itanikalisha."

 Gentil amezishikilia zote mbili hivyo hivyo, nyepesi huku, nzito huku, na waya bado uko chini sakafuni, na kioo bado kinawaka.