Walimutosha mu Nyumba

Jioni boza, lile lori la kuuza maji, likishaondoka, wanawake wa ploti moja pale Kitengela huinjika sufuria za ugali nje ya milango yao. Hiyo ndiyo saa Bisimwa alikuwa anafika. Alikuwa amekufa Bukavu wakati wa vita, na alikuja na viatu vyenye matope mekundu ya huko. Kila mara alimsalimu mlinzi wa geti kwa Kimaasai, sopa, mlinzi akamjibu na kumwomba afute miguu, kisha akaingia kwa mkewe Nabintu kula, mlango ukafungwa nyuma yake.

Aliyekerwa ni mmoja tu, Mutindi, jirani wa mlango wa pili. Mume wake, Musila, ni mzima kabisa. Analima vitunguu Kimana, na nyumbani huonekana Krismasi, basi.

"Mama Baraka, kitendawili," Mutindi alimwambia Nabintu wakianika nguo.

"Tega."

"Wangu yuko hai na haji. Wako amekufa na hakosi."

Nabintu alifikiri, akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Bukavu. Chukua tu. Wengine walishaichukua."

Mutindi hakucheka. "Niambie ukweli. Huyo mzee ulimfunga na nini?"

"Bwana yangu? Walimutosha mu nyumba."

Neno hilo lilimkwama Mutindi kama mwiba wa samaki. Kutosha! Kumbe mume anaweza kutoshwa na nyumba yake; wake yeye hajatoshwa hata na kiti.

Kesho yake alinunua dagaa wa omena, akazikaanga kwa mafuta mengi vile Nabintu hukaanga, akaacha mlango wazi na kutoa kiti cha Musila. Milango ya ploti ile yote ni ya bluu, na wafu hufuata harufu. Bisimwa akaingia kwake.

Nabintu aliona yote kutoka mlangoni pake, mwiko mkononi.

Bisimwa alinawa, akamega ugali. Mutindi alikaa mbele yake na leso mpya, akimpa habari za ploti, na yeye akasikiliza vizuri. Tonge halijafika mdomoni, shati lake likavutwa kwa nyuma na mkono usioonekana. Kiti kikaanguka. Aliburutwa kinyumenyume kuelekea mlangoni, tonge bado liko vidoleni, macho yakimpita Mutindi na kumtafuta Nabintu. Hakupiga kelele, alikuwa amezoea. Alipofika kizingitini akaisha.

Nabintu aliingia, akainua kiti.

"Si nilikuambia walimutosha?"

"Kwani kwenu kutosha ni kutoa?"

"Ni kutoa. Alikuwa anakula, wakaingia na bunduki, wakamutosha. Ile sahani ndiyo anakuja kumaliza."

"Na huwa anamaliza?"

"Bado."

Mutindi aliangalia omena. Hazikuwa zimepungua hata moja. Alitaka kusema pole, likatoka neno lingine.

"Wako walimtosha, Mama Baraka. Wangu alijitosha."

Nabintu alimtazama, halafu akacheka mpaka akakalia kile kiti.

Siku hizi wanapika sufuria moja, kwa Nabintu. Bisimwa anafika, anafuta miguu, ananawa, anamega, anatoshwa. Wao wawili wanakula kilichobaki, ambacho ni chote. Wivu wa Mutindi haujaisha, na humshika zaidi kiti kinapoanguka, kwa sababu Bisimwa huondoka akimwangalia mkewe. Musila, siku anaenda Kimana, hakugeuka hata mara moja.