Daftari la Kuzikana

"Safari hii ina muhuri wa hapa," Kathambi alisema, akiilaza barua kwenye meza ya cherehani. Alikuwa wakili Mkenya, rafiki wa nyumba ile. "Ile ya kwanza ya mahakama ya Dar es Salaam haikuwa na nguvu Johannesburg. Hii hakimu wa hapa ameipitisha. Lazima upeleke daftari, mama."

Hedwiga akaacha kukanyaga cherehani. Alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha Watanzania wa mtaa wa Bellevue tangu 1995, alipomfuata mumewe, mtu wa Afrika Kusini, aliyerejea kwao kutoka uhamishoni Tanzania. Kesi yenyewe haikuwahusu. Wanawake wawili huko Dar waligombea nyumba ya marehemu Laurenti, aliyekuwa mwanachama, kila mmoja akijiita mjane, na nyasi za Bellevue ndizo zilizokuwa zikiumia.

"Tukisema halipo je?"

"Si uliwajibu tayari? Uliandika, 'Salamu nyingi. Daftari lipo, ninalo mimi, halijambo.'"

Barua ikija hujibiwa, ndivyo alivyolelewa. Sasa adabu ilikuwa imemponza.

Daftari lile lilikuwa na watu thelathini na saba. Kila mmoja aliandikwa jina la kwenye makaratasi yake, na pembeni jina la kweli, kijiji, ukoo na mke au mume, ili siku ya siku maiti isipotee njia. Beatha, aliyekuwa akishona vifungo kando yake, kwenye makaratasi aliitwa Lerato, kana kwamba ni mzaliwa wa Afrika Kusini.

"Dada, uchane ukurasa wangu."

"Nikiuchana, ukifa tutakupeleka kwa nani?"

"Na wakinifukuza kabla sijafa?"

Hedwiga akachukua sindano na uzi mzito wa jinzi. Aliuacha wazi ukurasa wa Laurenti. Zilizobaki akazishona pamoja, mshono wa kurudia, kingo zote tatu.

Jumatatu, mahakamani, Kathambi alimweleza hakimu kwamba chama hakimo katika kesi, na ukurasa mmoja unatosha. Hakimu aliusoma. Kisha akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kama mtu anayekagua shati kabla ya kulinunua. Akairudia ile barua yenye muhuri, pale ilipoandikwa: daftari lote.

Akamuuliza karani kama kuna mkasi.

Karani akavuta droo ya kwanza, akapekua, akaifunga. Hedwiga akaitazama mikono yake, vidole vikiwa bado na matundu ya sindano. Karani akavuta droo ya pili.