Matone ya Rangi Dirishani

Renatha aliyagundua matone ya rangi kwa vidole. Kisukari kilikuwa kimemaliza macho yake, na sasa nyumba yake ya Kiseke aliijua kwa kupapasa. Mafundi wa rangi walipokwisha kuondoka, alipitisha kiganja kwenye fremu ya plastiki ya dirisha la sebuleni, akakuta vipele vigumu toka juu hadi chini.

"Wamechafua madirisha," alimwambia mumewe, Clavery.

"Nitatafuta kisu nikwangue."

"Kisu kitachora plastiki, na thina ya kuyeyushia rangi itaibabua. Niletee maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na kitambaa."

Clavery alimletea, kisha akaenda kazini Mkuyuni. Renatha alikandamiza kitambaa kilicholowa juu ya matone, akasubiri yalainike, akayabandua kwa ukingo wa rula ya plastiki aliyobaki nayo tangu enzi za ualimu. Yalitoka kama magamba ya kidonda kilichopona. Ilikuwa kazi ya kwanza, tangu giza limwingie, isiyohitaji mtu wa kumshika mkono. Mtu hapaki rangi nyumba aliyoikatia tamaa, alijiambia, na moyo ukamtulia.

Mchana jirani yake, Bernadeta, alisimama nje ya dirisha.

"Shikamoo, Mama Florian."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kazi. Tutawakumbuka, jamani. Yule mpangaji aliyekuja Jumapili ameipenda nyumba. Anasema anahamia mwisho wa mwezi."

Rula ilisimama. Jumapili Renatha alipelekwa kanisani na majirani. Clavery alibaki, akisema kichwa kinamuuma.

"Mpangaji gani?"

"Nilidhani unajua, mama," Bernadeta alisema kwa sauti ndogo, kisha akaaga.

Jioni Clavery alimkuta bado dirishani, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Baba Florian, ninahamia wapi?"

Renatha alisikia kiti kikivutwa.

"Kwa Annet, Bukoba," Clavery alisema. "Dada yako anashinda nyumbani. Mimi nitachukua chumba karibu na kazi. Nikiwa kazini nakuwaza umeanguka, umejiunguza. Usiku silali. Nimechoka, Mama Florian."

"Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, nisiyeuona hata mlango?"

Renatha alimsikia akivuta pumzi za mtu anayelia na hataki kusikika. Alitaka kumchukia, akashindwa. Huyu ndiye aliyemwosha miguu kila jioni, akiikagua isije ikaota vidonda. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alichovya tena kitambaa.

"Acha, nitatafuta mtu amalizie."

"Sitaki waseme niliacha nyumba chafu."

Akamalizia sebule, na siku zilizofuata vyumba vya kulala, bila kuzungumza naye zaidi ya salamu na chakula.

Siku ya safari, Clavery alimpandisha kwenye meli ya Bukoba, akamtafutia kiti mbali na upepo wa ziwa, akamfunika miguu kwa khanga. Alimwahidi kwamba Krismasi atakuja.

"Sawa," Renatha alisema.

"Umenikasirikia?"

"Nenda, meli isije ikaondoka na wewe."

Alimshika bega kidogo, akaenda. Renatha alivitegea sikio viatu vyake kwenye sakafu ya chuma, mpaka vikapotea katikati ya viatu vya watu wengine.