Mgongo wa Gauni Jeusi

Dahabo alimchukia Kwamboka tangu siku alipoikuta lebo yake kwenye pipa la taka. Miaka minne alikuwa akimshonea magauni katika karakana yake ndogo ya Hockley, Birmingham, na kila gauni lilipofika dukani kwa Kwamboka mtaa wa Harborne, Kwamboka alilikata jina la Dahabo shingoni akapachika lake. Dahabo alipolalamika, aliambiwa wateja hawanunui jina la fundi.

Sasa mwanamke huyohuyo alimletea mchoro: gauni jeusi la mbunifu wa Kifaransa, la miaka ya hamsini, kiuno chembamba kama shingo ya chupa. Aliununua mnadani, na alitaka kulivaa gauni lenyewe kwenye maonyesho ya mavazi ya duka lake, yatakayofanyika ukumbini kule Sutton Coldfield.

"Shona exactly vile iko kwa picha," alisema. "Usiadd kitu yako hapo."

Dahabo aliutazama mchoro. Sahihi ya Mfaransa ilijaa pembeni. Aliyeshona hakutajwa popote. Hata huko, jamani!

"Na mgongo, madam? Picha haina mgongo."

"Mgongo jipangie. Nani ataangalia?"

Dahabo akachukua futi, akaanza kumpima.

Kwamboka alikuja mara mbili kulijaribu, nyuma likiwa limeshikizwa kwa pini tu. Mchoro mkononi, alikagua kola na kila mkunjo, akitafuta kosa, na alipolikosa akanuna. Siku ya maonyesho Dahabo alikwenda kumvika mwenyewe. Akamfunga vifungo sita vilivyofunikwa kitambaa, vikubwa kama visoda vya chupa, kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Kwamboka akapanda jukwaani, akageuka polepole kama alivyofanya mazoezi. Kila kifungo kilikuwa na herufi moja ya uzi mweupe. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasoma kwa sauti, "Da-ha-bo!" Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi, na simu zikainuliwa.

Kwamboka alirudi nyuma ya pazia na simu ya mtu mkononi, macho yamemtoka kwa picha aliyoonyeshwa.

"We mwanamke! Toa hizi button! Saa hii!"

Dahabo akachukua makasi mezani, akamtilia mkononi.

"Kata mwenyewe, madam. Si umezoea? Ila zipu hakuna, ni vifungo hivyo tu vinavyolishika gauni."

Kwamboka akabaki ameyashika makasi, na kule ukumbini watu walizidi kuliita jina lililokuwa mgongoni mwake.